Chombo chetu cha anga kimekuwa ukumbi wa harusi

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu tunaandaa tamthilia ya bunilizi ya kisayansi, vipindi sita, kuhusu chombo cha mizigo kinachotoka Duniani kwenda Mirihi. Safari ni ya miezi minne, wafanyakazi ni watano. Tumekodi ghala moja, seremala tunaye, bajeti ni ya kubana. Tumeshajenga chumba cha nahodha: kuta nyeupe za plaiwudi, taa za utepe za bluu na zambarau, skrini kubwa mbele, viti vya ofisi. Ukisimama ndani kinapendeza, lakini kwenye kamera kinaonekana ukumbi wa harusi. Tubadilishe taa?"

Jibu:

Marahaba. Taa mtabadilisha, ila msianze nazo. Umenieleza rangi ya kuta na aina ya viti, hukunieleza ni kitu gani kinachomfanya nahodha wenu akae kwenye kiti badala ya kuelea. Chini ni wapi? Ndani ya chombo cha anga hilo ndilo swali la kwanza, na jibu lake ndilo linalompa seremala vipimo. Mkiliruka mnabaki na chumba cha pembe nne chenye mapambo, na hicho kwa kweli ni ukumbi.

Majibu yapo manne. La kwanza ni kuelea, kama wanavyoishi kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ni la kweli kuliko yote na ghali kuliko yote, maana kila mwigizaji atatundikwa kwa waya na kila kikombe kitahitaji mtu wa kukishughulikia kwenye kompyuta baadaye. Liacheni.

La pili ni kukizungusha chombo ili watu wagandamizwe kwenye ukingo wake. Hapa vipimo vinaumiza. Mwili wa mtu ambaye hajazoea huvumilia kama mizunguko 2 kwa dakika bila kichefuchefu, na kwa mwendo huo, kupata uzito kamili wa Dunia kunahitaji gurudumu lenye nusu kipenyo cha mita 224 hivi. Watengenezaji wa *2001: A Space Odyssey* (1968) waliijengea filamu yao gurudumu la kweli linalozunguka, kazi iliyofanywa na kampuni ya uhandisi ya Vickers-Armstrongs: kipenyo mita 11.6, uzito tani 30, gharama dola 750,000 za wakati ule. Gurudumu la ukubwa huo lingelazimika kuzunguka mara 5 kwa dakika ili kutoa uzito wa Mwezini tu. Ni seti nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitazama, na haiwahusu.

La tatu ni uzito wa bandia unaowashwa kama feni, usioelezwa. Star Trek ilianza hivyo mwaka 1966 na hakuna aliyegoma kuitazama. Si aibu kulichagua. Shida yake ni kwamba halimwambii mbunifu chochote: chumba chaweza kuwa na umbo lolote, na ukishaambiwa chochote kinafaa, utaishia kwenye plaiwudi nyeupe na taa za zambarau.

La nne ndilo ningewapa nyinyi: msukumo wa injini. Injini ikisukuma bila kuzimwa, kila kilichomo hugandamizwa kuelekea nyuma, kwa hiyo nyuma ndiyo chini. Chombo kinageuka ghorofa. Injini iko kwenye msingi, mizigo juu yake, halafu jiko, vyumba vya kulala, na nahodha juu kabisa. Tamthilia ya The Expanse (2015–2022) inafuata sheria hii, na ndiyo maana katika chombo chao kikuu watu wanapanda na kushuka kati ya sakafu na sakafu.

Ila sheria hii inaigusa hadithi yenu. Tuseme Mirihi iko kilomita milioni 225, ambao ni wastani. Injini inayosukuma mfululizo kwa nguvu sawa na uzito wa Dunia, nusu ya njia ikiongeza mwendo na nusu nyingine ikipunguza, inafika kwa siku tatu na nusu. Ikisukuma kwa uzito wa Mirihi, ambao ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya wetu, inafika kwa siku sita hivi. Miezi minne haiwezekani hapo. Msukumo wa kuchelewa kiasi hicho ungekuwa mdogo mno, kijiko kingeanguka mezani utadhani kimesahau njia. Kwa hiyo mwambie mwandishi wenu achague: miezi minne ya kuelea, au siku sita za kusimama kwa miguu. Mna vipindi sita. Mimi ningechukua siku sita bila kuomba ushauri zaidi. Waigizaji watatembea kwa uzito wa Dunia badala ya ule wa Mirihi, na hilo mtazamaji husamehe.

Kisha angalieni zawadi mnayopata. Katikati ya safari, siku ya tatu, injini lazima izimwe, chombo kigeuzwe kinyumenyume, injini iwashwe tena ili kupunguza mwendo. Kabla na baada ya hapo sakafu ni ileile, lakini kwa dakika chache zile za kugeuka hakuna chini kabisa. Hapo ndipo seti inajijenga yenyewe. Kila kabati lina kikomeo. Vikombe vina vifuniko. Kuna vishikio hadi darini, mahali ambapo siku nyingine zote havina kazi. Viti vina mikanda ya mabegani. Shimo la ngazi lina kifuniko kizito cha chuma na juu yake maandishi: FUNGA KABLA YA KUGEUKA. Mtazamaji hatasoma hesabu yoyote, lakini ataviona vishikio vya darini katika kipindi cha kwanza na kujiuliza vya nini, na kipindi cha tatu kitamjibu. Na kuelea mtakuigiza kwa dakika mbili tu, watu wakiwa wamefungwa vitini, kalamu moja ikipita kwa uzi.

Hata pale ambapo kweli hakuna chini, binadamu huitafuta. Wasovieti walilielewa hili mapema kwa sababu walikuwa na msanifu majengo, Galina Balashova, ambaye tangu miaka ya 1960 alibuni mpangilio wa ndani wa chombo cha Soyuz, kisha wa vituo vya Salyut na Mir. Alisisitiza sakafu iwe rangi nzito na dari rangi nyepesi, ili mwanaanga anayeelea ajue wapi pa kuelekeza kichwa bila kufikiri. Alichora pia picha ndogo za rangi za maji, mandhari za nyumbani, zikatundikwa ndani ya Soyuz, katika sehemu ile inayotupwa na kuungua wakati wa kurudi Duniani. Naipenda sana habari hiyo. Mtu alikuwa akichora picha akijua zitaungua, kwa kuwa chumba bila picha alikiona hakijakamilika.

Wamarekani nao walipewa somo lao na Skylab, kituo kilichorushwa Mei 1973. Sehemu moja, ile ya kuunganishia vyombo, ilipangwa vifaa pande zote za duara bila kujali juu wala chini, maana waliona nafasi isipotee bure. Sehemu kubwa ya kuishi ilipangwa kama nyumba, yenye sakafu na dari. Wanaanga waliipenda nyumba na kulalamikia ule mduara. Na NASA walikuwa wamemwajiri mbunifu wa bidhaa, Raymond Loewy, ndiye aliyeshikilia pawepo na mahali pa kula pamoja, faragha ya kulala, na dirisha la kutazamia Dunia, ambalo wahandisi hawakuliona la lazima. Dirisha likawekwa, na ndilo likawa starehe kubwa ya wakazi.

Nayaleta haya kwa sababu seti yenu ina chumba cha nahodha tu. Jiko liko wapi? Watu watano, siku sita, wanagombana wapi? Kama mna pesa ya kujenga chumba kimoja kizuri na kimoja cha kubahatisha, kizuri kiwe cha kulia. Kazi ya nahodha kuangalia skrini huchosha baada ya dakika tatu. Mezani hamtakosa cha kuigiza.

Sasa skrini kubwa. Iondoeni. Ujumbe wa redio kati ya Dunia na Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na dakika 22 kwenda tu, kutegemea sayari ziko wapi. Hakuna maongezi ya uso kwa uso na makao makuu. Unatuma, unaenda kuosha vyombo, unarudi kusikiliza jibu la swali ambalo pengine limeshapitwa na wakati. Chombo chenye tabia hiyo hakihitaji kioo cha sinema mbele ya nahodha. Kinahitaji kona moja yenye skrini ndogo na kiti, mahali mtu anapokwenda peke yake kusoma barua. Waigizaji wenu watawashukuru.

Kwa skrini nyingine, igeni ujanja wa Michael Okuda. Star Trek: The Next Generation ilipoanza mwaka 1987, paneli zilizojaa vitufe na taa za kweli zingekula pesa. Yeye akachora michoro bapa, ikatengenezwa kwenye karatasi angavu, ikawekwa nyuma ya plastiki laini na kumulikwa kwa nyuma. Bei yake ikawa nafuu na ikaonekana ya karne nyingine. Sisi sote tukaja kubeba simu za namna hiyo mifukoni. Kwenu ni hivihivi: chapisheni mchoro kwenye karatasi angavu kwa wachapishaji wa mabango, wekeni kioo cha akriliki mbele na taa nyeupe nyuma. Paneli 10 zisizochezacheza na skrini 2 za kweli zinatosha. Kinachoharibu ni skrini zinazomwaga namba bila sababu. Kila paneli iwe na kazi inayotajika kwa sentensi moja: hii ni hewa, hii ni joto la mizigo, hii ni maji. Andikeni kwa Kiswahili, na hakikisheni mwigizaji anayeshughulika na maji haendi kubonyeza joto la mizigo.

Mfano bora wa sababu kuzaa umbo ni Battlestar Galactica iliyotengenezwa upya kuanzia 2003. Ndani ya meli ile ya kivita kuna simu za waya na milango ya kufungwa kwa mkono, ingawa inaruka kati ya nyota. Sababu imo kwenye hadithi: adui anaweza kuingilia kompyuta zilizounganishwa, kwa hiyo meli ya zamani isiyo na mtandao ndiyo inayopona. Simu ya waya, kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye seti, ikawa inabeba hofu ya tamthilia nzima. Tafuteni simu yenu.

Kuhusu hewa nitakuwa mfupi, ingawa fundi sauti wenu asome mara mbili. Mahali pasipo na uzito hewa moto haipandi, hivyo hewa uliyoitoa hukaa palepale mbele ya uso. Mtu anayelala penye hewa iliyotulia anaweza kuzungukwa na kaboni dayoksaidi yake mwenyewe. Ndiyo sababu kwenye Kituo cha Kimataifa feni huvuma mchana na usiku, na ukimya humaanisha hatari. Wekeni mvumo wa chini katika kila tukio, tofauti kidogo kwa kila chumba, mzito kadiri mtu anavyoshuka karibu na injini. Siku ya kugeuza chombo, uzimeni ule wa injini, wa feni ubaki. Na wekeni matundu ya feni mnayoweza kuyapiga picha, yenye vumbi kwenye wavu.

Kuhusu kuta: hakuna ukuta mtupu ndani ya chombo kinachofanya kazi. Nyuma yake kuna waya na mabomba, kwa hiyo lazima ufunguke, kwa hiyo una skrubu, bawaba, namba. Jengeni kwa vipande vya nusu ya ubao wa plaiwudi, upana wa sentimita 61, kila kipande kikiwa na fremu yake na namba yake. Mbunifu wa seti Keith Wilson alifanya karibu hivyo kwa tamthilia ya Space: 1999 mwaka 1975: paneli za kupangwa na kupanguliwa, chumba kimoja kikawa vyumba kumi. Nanyi mnaweza kuwa na korido moja tu na kuipiga picha kama tatu, mkibadilisha namba, rangi ya mstari na upande wa mlango. Milango ifanyeni midogo. Ile ya sehemu ya Marekani kwenye Kituo cha Kimataifa ina sentimita 127 kila upande, ya Kirusi mingi ni duara ya kama sentimita 80. Mwigizaji akiinama kupita, chombo kimekuwa cha kweli bila senti moja. (Ile milango ya Star Trek ya zamani iliyofunguka yenyewe ilikuwa ikivutwa kwa kamba na watu waliojificha nyuma. Kama yenu haifunguki vizuri, mko kwenye ukoo mzuri.)

Lebo nazo zitieni maana. Ron Cobb, kwa filamu ya *Alien* (1979), alibuni seti nzima ya alama ndogo za mraba: hapa pana hewa, hapa hapana, hapa uzito wa bandia unakatika. Nyingi hazisomeki kwenye filamu, lakini jicho linahisi kwamba kuna mtu aliyekaa akapanga. Buni zenu 12, zichapisheni stika, na kila mmoja kwenye seti ajue maana ya kila moja.

Kisha uchakavu, ambao ndio watu hukosea kuliko vyote. Haupakwi kila mahali kwa usawa. Panda kwenye kichwa cha lori la mizigo linalofanya safari za Mombasa na Kampala, umwombe dereva ruhusa ya kutazama tu. Usukani umeng'aa pale mikono inaposhika na kwingine uko vilevile. Kitambaa cha kiti kimekwisha upande wa mlangoni kwa kupanda na kushuka. Kuna picha ya mtoto, tasbihi au rozari, chupa ya chai iliyofungwa kwa mpira ili isianguke, kipande cha katoni kinachozuia kioo kisitetemeke. Kile kipande cha katoni ndicho ninachokitaka kwenye chombo chenu: kosa la kiwandani ambalo mfanyakazi amelirekebisha mwenyewe, akalizoea.

Kwa rangi, ukuta mweupe utaua kila kitu, maana unarudisha mwanga wote na kuonyesha kila kiungo cha seremala. Pakeni kijivu chenye umanjano kidogo, kisichong'aa sana. Ikikauka, changanyeni rangi ya maji nyeusi na ya kahawia, nyepesi, pakeni eneo dogo kwa brashi pana na mfute papo hapo kwa kitambaa kikavu, mkivuta kuelekea chini. Itabaki kwenye viungo na kuzunguka skrubu. Baada ya hapo msasa kwenye kingo, lakini zile tu zinazogongwa: kizingiti, kona ya ngazi, urefu wa goti ambako makreti hupita. Juu ya kichwa cha mtu acheni safi. Pembeni mwa kila kishikio pakeni mafuta kidogo ya mikono ya kweli. Mwambieni seremala ale chipsi kwanza.

Vifaa vya kubandika tafuteni kwenye vyuma chakavu. Roger Christian, aliyepamba seti za *Star Wars* ya 1977 na kisha akafanya kazi kwenye *Alien*, alinunua vipande vya ndege zilizokatwakatwa na kuvipanga ukutani. Kwenye Jua Kali ya Kamukunji au kwa mafundi wa Gerezani mtapata makasha ya swichi, radieta, mabomba ya kupinda. Kimoja tu nawakataza: trei za mayai na kreti za soda. Hata zikipakwa rangi ya fedha, kila mtu aliyewahi kutumwa dukani atazitambua, na hapo mtampoteza.

Sasa taa zenu. Jiulizeni kila moja imewekwa na nani na kwa kazi gani. Zambarau hakuna anayeweza kusomea lebo. Kwenye Kituo cha Kimataifa taa za sasa hubadilishwa rangi: nyeupe ya kibluu wakati wa kuuamsha mwili, ya kimanjano kabla ya kulala, basi mna sababu ya rangi mbili na hizo zinatosha. Ziwekeni ndani ya seti, zionekane kwenye fremu, juu ya meza ya kazi na miguuni mwa ngazi, na kati yake acheni giza. Wekeni dari. Dari halisi, ya chini, ambayo kamera inaiona. Ukumbi wa harusi hutambulika kwa kuwa mwanga unamwagika kutoka juu kusikoonekana. Ukuta mmoja uwe wa kutoka ili kamera iingie, lakini jizuieni: kamera ikibanwa, mtazamaji naye anabanwa. Watengenezaji wa tamthilia ya Firefly (2002) walijenga kila ghorofa ya chombo chao ikiwa imeungana, mwigizaji aliweza kutembea kutoka chumba hadi chumba bila kukata picha, na ndiyo maana hadi leo watu huweza kuichora ramani yake kwa kichwa. Nyinyi unganisheni walau jiko, ngazi na chumba cha nahodha. Taa za utepe za bei rahisi zikipunguzwa mwanga hupepesa kwenye kamera; zijaribuni kwanza, na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, anzeni na picha 25 kwa sekunde na kifungio cha kamera (shutter) cha sekunde 1/50.

Viti vya ofisi vitoeni leo. Vina magurudumu. Kwenye chombo kinachogeuka kinyumenyume siku ya tatu!

Na kwa kuwa lazima mtu atauliza: choo. Msikijenge. Tengenezeni mlango mwembamba kwenye korido, wekeni alama yenu, kishikio kilichong'aa kuliko vyote chomboni, na karatasi iliyobandikwa yenye zamu za usafi, majina matano, moja likiwa limekatwa kwa kalamu na kuandikwa tena na mwenzake. Nani amemkata nani, mwandishi ataamua.